Blanketi la Mwezi wa Sita

Mwezi wa sita unapoingia, na ukungu wa Mlima Meru unaposhuka hadi kuzifunika paa za Sekei, Ilboru na Sanawari, hufika jioni ambayo blanketi zito, lililolala kabatini au sandukuni tangu kipupwe cha mwaka uliotangulia, hutolewa, hukunjuliwa na kutandikwa kitandani. Katika mji wa Arusha, ulio mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako wakati huo maji ya bombani huuma vidole na jua huweza kukaa siku kadhaa nyuma ya mawingu, ni vitu vichache vya nyumbani vinavyopendwa kuliko blanketi. Ndani yake mna harufu ya sanduku, kumbukumbu ya mikono iliyolifua, na ahadi ya usiku mrefu usio na kutetemeka. Hata hivyo, katika nyumba nyingi, jioni hiyohiyo ndiyo mtoto mmoja huanza kupiga chafya zisizokatika, macho yakamwasha, pua ikamtiririka bila homa, na ifikapo alfajiri kifua chake kikawa kinatoa mlio mwembamba kila anaposhusha pumzi. Wakubwa wa nyumba husema ni baridi, na kwa huruma humwongezea blanketi la pili.

Huruma hiyo inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu inabeba fumbo: kile kinachomkinga mtoto na baridi ndicho kinachomnyima pumzi. Ndani ya nyuzi za blanketi, godoro na mto huishi utitiri wa vumbi, yaani viumbe wadogo wa ukoo mmoja na buibui na kupe, wenye miguu minane na urefu usiofika nusu ya milimita, ambao jicho tupu haliwaoni kwa kuwa miili yao ni myeupe na hupenywa na mwanga. Si kunguni wala viroboto. Hawaumi, na hawanyonyi damu. Chakula chao ni magamba membamba ya ngozi iliyokufa, ambayo kila binadamu huyapukutisha usiku na mchana kwa kadiri ya gramu moja kwa siku, na ambayo sehemu yake kubwa huishia shukani. Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako, walimwonya mtu kuhusu adui aliye karibu naye; kwa utitiri methali hiyo hubidi isomwe upya, maana viumbe hawa hawamli mtu, bali hula kile ambacho mtu amekwisha kukiacha, na lau si kinyesi chao wangeishi na binadamu kizazi baada ya kizazi bila kumdhuru.

Kinyesi hicho ndicho kiini cha jambo lote. Kila utitiri hutoa vijipunje 20 hivi kwa siku, na ndani ya kila kijipunje hubaki vimeng'enya, yaani protini za kuvunjavunja chakula, ambavyo haviachi kazi yao kwa sababu tu vimetoka tumboni. Vikivutwa na pumzi hadi kwenye utando laini wa pua na mapafu, huweza kulegeza vifungo vinavyoshikanisha seli za utando huo vikapenya ndani, na mwili wa mtu mwenye maelekeo hayo, ambayo mara nyingi hurithiwa, huviona kuwa ni wavamizi na kuvitengenezea kingamwili za aina ya E. Tangu hapo, kila vinapokutana na mwili upya humwagika histamini, kemikali inayovimbisha utando, kuwasha na kutoa kamasi. Hali hiyo ndiyo mzio, au aleji kama wengi wanavyoiita, na inaposhuka hadi kwenye njia za hewa za mapafu na kuzibana, huwa pumu. Ni jambo la kutafakarisha kwamba mwili hapa hauugui kwa unyonge. Unapigana kwa nguvu zake zote na kitu ambacho, kingeachwa kipite, kisingedhuru chochote, na mwenye mwili ndiye anayelipa gharama ya vita hivyo kwa usiku wake, kwa siku zake za shule na, mara nyingine, kwa uhai wake.

Mkazi wa Arusha ana vumbi jingine ambalo amelizoea kuliko hili. Mji umekaa juu ya udongo wa majivu ya volkano, mwepesi na mlaini, uliotokana na mlima ambao ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Wakati wa kiangazi udongo huo huinuka nyuma ya kila daladala na bodaboda, hutua juu ya migomba ya kando ya njia na juu ya meza za Soko la Kilombero, na upepo huusukuma hadi chini ya milango iliyofungwa. Kwa hiyo lawama zote hutupiwa barabara. Vumbi hilo kweli hukereketa koo, na huweza kumzidishia shida mwenye pumu, lakini utitiri hawazaliwi barabarani. Vumbi la njiani hutoka nje likaingia ndani. Vumbi la kitandani hutokana na wenye nyumba wenyewe, kwa ngozi yao, jasho lao na pumzi yao, na ufagio unaohangaika mlangoni kila asubuhi haulifikii. Inatosha kutazama jinsi usafi unavyogawanywa ndani ya nyumba: sebule, ambako mgeni ataketi, hupigwa deki kila siku, makochi hufunikwa vitambaa vilivyodariziwa, na meza hupanguswa hadi ing'ae, lakini chumbani, ambako mgeni haingii, godoro huweza kumaliza miaka kumi bila kuona jua. Jicho la jirani limefanywa kipimo cha usafi, ilhali pua ya mtoto hulala juu ya godoro hilo saa nane au tisa kila usiku, karibu na vumbi kuliko mahali pengine popote atakapokuwa mchana.

Mgawanyo huo wa usafi huzaa pia dhuluma. Mtoto anapokuwa na pumu, mama yake husikia minong'ono kwamba nyumba yake ni chafu, au dada wa kazi hushutumiwa kwamba hafagii vizuri, hali yeye ndiye anayekung'uta mablanketi na kuvuta kifuani sehemu kubwa ya kile kinachotoka. Utitiri si ushahidi wa uvivu wa mtu yeyote. Hustawi katika vitanda vya majumba ya Njiro sawasawa na katika vyumba vya Unga Limited, na kwa kweli zulia nene, mapazia mazito na makochi ya kitambaa ya nyumba yenye uwezo huwapa makazi mapana zaidi kuliko sakafu ya saruji yenye mkeka mmoja. Aibu inayowekwa juu ya ugonjwa huu haina msingi, na ingefaa iondolewe kwanza, kabla ya godoro lenyewe kuguswa, kwa sababu mtu anayeona aibu huficha, na mficha maradhi kilio humfichua.

Elimu yenyewe haina umri mkubwa. Kwa muda mrefu waganga wa Ulaya walijua kwamba vumbi la nyumba huwaletea watu fulani pumu, bila kujua ni kitu gani ndani ya vumbi hilo, hadi mwaka 1964 Reindert Voorhorst, Frits Spieksma na wenzao wa Leiden, nchini Uholanzi, walipoonyesha kwamba chanzo ni utitiri, hasa wale ambao wanasayansi huwaita Dermatophagoides pteronyssinus. Leiden ni mji wa bondeni, uliojaa mifereji na nyumba za unyevu. Kinyume chake Davos, katika milima ya Uswisi, mita 1,560 hivi juu ya bahari, ulikuwa na sifa ya kuwapa nafuu wenye pumu, na vumbi la vitanda vya milimani lilipochunguzwa lilionekana kuwa na utitiri wachache sana. Mkazi wa miteremko ya Meru angeweza kujifariji kwa hesabu hiyo, kwa kuwa nyumba nyingi za juu ya mji zinakaribia kimo hichohicho. Faraja hiyo haina nguvu. Kilichowamaliza utitiri wa Uswisi ni hewa baridi iliyokauka, ambayo ikipashwa moto ndani ya nyumba huzidi kukauka, wala kimo peke yake hakitoshi. Mjini Bogotá, mita 2,600 hivi juu ya bahari lakini karibu na ikweta, utitiri hupatikana vitandani bila shida.

Kisa kinachogusa zaidi nyanda hizi kilitokea mbali sana nazo, katika milima ya Papua Guinea Mpya, miongoni mwa watu wa Fore ya Kusini, ambao pumu ilikuwa nadra mno kwao. Katika muda wa miaka michache watu wazima wengi walianza kuugua, na mwaka 1985 Gary Dowse, Ann Woolcock na wenzao walichapisha walichokiona: vumbi lililokusanywa kutoka kwenye mablanketi ya wanavijiji lilikuwa limejaa utitiri, na mablanketi hayo yalikuwa mageni, yameingia vijijini pamoja na maisha mapya. Hakuna aliyefanya kosa. Watu wa milimani waliona baridi, wakapata kitu cha kuwapa joto, wakajifunika. Huku Meru nako historia ya malazi ina mabadiliko yake. Katika maboma ya Kimaasai ya upande wa Monduli na Oldonyo Sambu, ngozi kavu ya ng'ombe ndiyo iliyokuwa godoro, kitu chenye uso mgumu kisicho na mashimo ya kujificha. Leo ngozi imepisha godoro la sponji, mto wenye foronya na blanketi, mara nyingi la mtumba. Si sahihi kuitamani ngozi kana kwamba zamani palikuwa na afya kamili, maana moshi wa kuni ndani ya nyumba isiyo na dirisha uliharibu mapafu ya akina mama na watoto kwa namna yake. Lakini ni haki kukumbuka kwamba kila faraja inayoingia chumbani huja na masharti, na masharti ya blanketi hayakuwahi kuandikwa popote linaponunuliwa.

Sharti kubwa kuliko yote ni ukavu. Utitiri hawanywi maji. Huyavuta kutoka hewani kwa tezi ndogo zilizo karibu na miguu yao ya mbele, zenye chumvi inayonasa mvuke. Unyevu wa hewa hupimwa kwa asilimia ya mvuke wote ambao hewa ingeweza kuubeba kwa joto lilelile, na unapokuwa kati ya asilimia 70 na 80, katika joto la nyuzi 20 hadi 25 za sentigredi, utitiri huzaliana kwa wingi. Unapobaki chini ya asilimia 50 kwa muda mrefu, hukauka na kufa. Mlima Meru wenyewe hufundisha tofauti hiyo kwa macho. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hukutana kwanza na miteremko ya kusini na mashariki, na kwa sababu hiyo Tengeru, Poli na Nkoaranga ni nchi ya migomba na kahawa, ambako kuta huota kuvu wakati wa masika na nguo hukaa kambani siku mbili. Upande wa pili, kuelekea Oldonyo Sambu, mvua hukatwa na mlima, miti ni ya miiba, na milango ya mbao hupasuka kwa ukavu. Tatizo ni kwamba utitiri huridhika na kidogo. Saa chache za unyevu katika kila siku huwatosha kuishi, na saa hizo mlalaji huwapa mwenyewe: kila mtu hutoa kwa pumzi na jasho maji yanayofikia kikombe kimoja katika usiku mmoja, na chumba cha watu watano, kilichofungwa madirisha kwa hofu ya baridi ya Julai, chenye nguo mbichi zilizoanikwa ndani na chungu kinachochemka pembeni, huwa na hali ya hewa yake yenyewe, isiyo ya Tengeru wala ya Oldonyo Sambu.

Kuhusu kujikinga, Arusha ina somo lake mlangoni. Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z kilianza kutengeneza hapa vyandarua vyenye dawa ya kudumu vya Olyset, na familia zisizo na idadi zimejifunza kwamba kitanda ni mahali pa kulindwa, na kwamba kitambaa kinachochomekwa vizuri chini ya godoro huweza kuokoa maisha. Fikra hiyohiyo ya mpaka kati ya mwili na mdudu ndiyo inayotumika kwa utitiri, isipokuwa mpaka wenyewe huhama: chandarua humfunika mlalaji, na mfuko wa godoro humfunika utitiri. Kwa kuwa tundu la chandarua ni pana mno kwa viumbe hawa, mfuko unaofaa hufumwa kwa nyuzi zilizobanana hadi nafasi kati yake iwe chini ya sehemu moja ya mia ya milimita, nao hufungwa kwa zipu pande zote. Mahali ambapo mfuko wa namna hiyo haupatikani, nailoni ambayo godoro jipya huja nayo dukani, ambayo wengi huiacha bila kuivua, hufanya kazi inayokaribiana na hiyo, ingawa humtoa mtu jasho. Ni lazima pia kusema ukweli kuhusu kadiri ya msaada wake. Mwaka 2003 utafiti wa Uingereza uliohusisha watu wazima 1,122 wenye pumu haukuona nafuu yoyote kwa waliopewa mifuko hiyo peke yake, lakini mwaka 2017 utafiti mwingine wa nchi hiyohiyo, uliofanywa kwa watoto 284 wenye mzio wa utitiri, ulionyesha kwamba waliotandikiwa mifuko walikimbizwa hospitalini mara chache zaidi. Mfuko bila kufua shuka, bila kupunguza mazulia na bila kukausha chumba ni mlango mmoja uliofungwa katika nyumba ya milango mitano, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachochukua nafasi ya dawa ya kuvuta aliyoandikiwa mgonjwa na daktari.

Kufua kunakoua utitiri huhitaji maji ya nyuzi joto 60 hivi, na mahali ambapo mkaa na gesi hununuliwa kwa kubana matumizi, si kila mama atachemsha maji ya kufulia mablanketi manne. Maji ya baridi na sabuni huondoa sehemu kubwa ya vijipunje, ambavyo vimeng'enya vyake huyeyuka majini, ingawa utitiri wengi husalia hai. Pasi ya moto huwamaliza walio kwenye shuka. Zaidi ya hayo lipo jua. Mwaka 1994 Euan Tovey na Ann Woolcock, yuleyule wa mablanketi ya Papua, walionyesha huko Sydney kwamba zulia lililotandazwa nje juani kwa saa chache siku ya joto hubaki bila utitiri hata mmoja aliye hai, kwa kuwa joto hupanda na unyevu hushuka kwa pamoja, na viumbe hawa hawana pa kukimbilia. Kilichofanywa na bibi wengi wa nchi hii bila maabara, cha kutoa magodoro nje, kuyageuza upande huu na ule na kuyakung'uta kwa fimbo kabla ya kuyaanua, kina msingi wa kisayansi kutoka mwanzo hadi mwisho, maana utitiri aliyekufa huacha kinyesi chake palepale, na fimbo humaliza kazi ambayo jua limeianza. Mwenye pumu akae mbali wakati huo, na asirudi chumbani mara moja, kwa kuwa vijipunje vilivyorushwa huchukua karibu nusu saa kutua. Sakafuni nako kitambaa cha maji ni bora kuliko ufagio mkavu. Kati ya vitu vya kitandani, chandarua chenye dawa ndicho pekee kisichoanikwa juani, kwani hukaushwa kivulini ili jua lisiharibu dawa yake. Kalenda ya Meru hutoa nafasi mbili nzuri, Januari na Februari, kisha Septemba na Oktoba, na blanketi lililofuliwa na kuanikwa kabla ya masika, likahifadhiwa likiwa limekauka kabisa, halitoki sandukuni mwezi wa sita likiwa na wapangaji wengi.

Jua halina bei, lakini mahali pa kulipatia pana bei. Mwaka 1998 watafiti wa Kenya waliolinganisha watoto wa shule wa Nairobi na wa Murang'a waliona dalili za pumu zikiwa nyingi zaidi mjini, na miongoni mwa mambo mengi yanayoutofautisha mji na shamba, hili la ua halizungumzwi vya kutosha. Katika Ngarenaro, Levolosi na Sombetini, nyumba za vyumba vya kupanga zilijengwa kuzunguka uwanja mdogo wa pamoja, wenye bomba, kamba na mti mmoja. Kadiri kodi inavyohitajika, chumba kingine huongezwa uani, kisha kingine, hadi jua linalofika chini likawa la saa sita tu, kwa dakika zinazohesabika, na matundu ya hewa juu ya ukuta yakatazamana na ukuta wa jirani. Mwenye nyumba hana ubaya. Naye ana ada za shule zinazomsubiri. Lakini mpangaji wa chumba cha ndani anayetaka kuanika godoro hulazimika kuliegemeza kwenye ukuta wa barabarani, ambako vumbi la daladala hulifuata, na vumbi lile la nje likakutana na hili la ndani juu ya kitambaa kimoja. Kwake yeye hubaki mambo madogo yanayowezekana: nailoni ya godoro iachwe, zulia liondolewe, shuka na foronya zibadilishwe kila wiki, kitanda kisitandikwe mara tu baada ya kuamka bali kiachwe wazi kikauke, dirisha lifunguliwe tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni hata siku ya wingu, nguo mbichi zitolewe chumbani, na wapangaji wapeane zamu ya kamba. Na mwenye nyumba anayebakiza mita chache za ua bila kujenga, upande unaopata jua la asubuhi, huwa ametoa kitu ambacho hakimo katika mkataba wowote wa upangaji, na ambacho mtoto wa chumba cha nne anakihitaji kuliko rangi mpya ukutani.